Haibridi ni Moja, Gredi ni Nyingi

Mnunuzi wa gari jipya la haibridi akishamaliza kubishana na nafsi yake kuhusu kampuni, rangi na mkopo, hukabidhiwa karatasi moja ambayo wengi huipitia juu juu: orodha ya gredi. Gari ni lile lile na jina ni lile lile, ila kuna LE, XLE na Limited. Au X, G na Z. Au XS na XR. Bei hupanda ngazi kwa ngazi, na muuzaji hukuambia kwa upole kwamba ukiongeza kidogo tu unachukua ya juu. Kwa gari la kawaida la petroli, nyongeza hiyo ni suala la mfuko na starehe. Kwenye haibridi kuna la ziada: gredi ya juu inaweza kukunyang'anya kile kile ulichokifuata, yaani kunywa mafuta kidogo.

Hakuna gari linaloonyesha jambo hili waziwazi kama Toyota Prius ya kizazi cha tano, iliyoingia soko la Marekani kama modeli ya mwaka 2023. Huko shirika la serikali la mazingira, EPA, hutangaza ulaji wa mafuta na kutenganisha gredi zinapotofautiana, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Prius LE inayosukumwa na magurudumu mawili ilipewa maili 57 kwa galoni, mjini na barabara kuu zikichanganywa. XLE na Limited zilipewa 52. Kwa hesabu yetu ni lita 4.1 kwa kilomita 100 dhidi ya lita 4.5. Injini ya zote tatu ni ya lita 2.0, nguvu ni farasi 194, mfumo wa haibridi ni mmoja. Sasa zile maili tano zimekwenda wapi?

Inama utazame tairi. Ubavuni mwa tairi la LE pameandikwa 195/60R17, na kwenye XLE na Limited ni 195/50R19. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu: asilimia 60 ya 195 ni milimita 117, asilimia 50 ni 97.5. Tairi zote mbili zina upana sawa, lakini mwenye gredi ya juu amepewa rimu kubwa zaidi na mpira mfupi kwa karibu sentimita mbili.

Rimu kubwa kwa kawaida ni nzito zaidi, na uzito wake umesogea mbali na kitovu cha gurudumu. Kuzungusha uzito wa namna hiyo kila gari linapoondoka kunahitaji nishati zaidi. Haibridi hurudisha betrini sehemu ya nishati hiyo unapokanyaga breki, lakini hairudishi yote. Kinachopotea hupotea kila unaposimama na kuondoka, na anayekaa foleni asubuhi na jioni husimama na kuondoka kutwa nzima. Yapo mengine, kama uzito wa vifaa vya ziada, ila mshukiwa wangu wa kwanza ni rimu.

Kwa anayeendesha kilomita 20,000 kwa mwaka, tofauti hiyo ni kama lita 80 za petroli. Haimfilisi mtu. Kinachouma zaidi kiko kwingine. Saizi ya 195/50R19 hutaikuta kwenye kila duka la matairi, hata huko Marekani, na kitu kisichopatikana kirahisi hakiuzwi kwa bei ya kirahisi. Zile sentimita mbili za mpira ndizo zinazomeza kishindo cha shimo kabla hakijafika kwenye rimu. Barabara ikiwa laini hutajua tofauti. Kwa mtu anayekaa ndani ndani, mwisho wa lami na baada ya matuta matano yasiyo na alama, rimu za inchi 19 ni za kupigia picha.

Mwaka huo wa 2023 LE ilianzia dola 27,450, XLE dola 30,895 na Limited dola 34,465, kabla ya gharama za usafirishaji. Ukipanda hadi juu kabisa umeongeza dola 7,015. Unapata nini? Kwenye XLE, siti za ngozi bandia, za mbele zikiwa na joto, na siti ya dereva inayosogea kwa umeme. Kwenye Limited, skrini ya inchi 12.3 badala ya 8, spika za JBL, siti za mbele zinazopuliza hewa na mlango wa nyuma unaojifungua. Mfumo wa usalama, Toyota Safety Sense 3.0, wenye breki zinazojifunga zenyewe hatari inapotokea, upo kwenye zote, hata ile ya bei ya chini. Betri ya haibridi ina dhamana ile ile ya miaka 10 au maili 150,000, upande wowote wa orodha. Kwa maneno mengine, ile mashine yenyewe umeshaipata kwenye LE. Ningenunua hiyo na kulala usingizi.

Isipokuwa kama ningekuwa naishi Minneapolis, kwenye baridi kali ya Marekani. Joto la siti, ambalo mtu wa Dar es Salaam hulicheka, ni kifaa cha kuokoa mafuta kwenye nchi ya theluji. Haibridi nyingi hutegemea joto la injini kupasha hewa ya ndani ya gari, kwa hiyo wakati wa baridi injini huendelea kunguruma hata pale ambapo mota ya umeme ingetosha. Siti hupasha mwili moja kwa moja kwa umeme kidogo sana, na dereva hushusha joto la ndani ya gari. Mtu wa huko akichagua XLE kwa sababu hiyo, simwiti mfujaji.

Pwani yetu mambo hugeuka. Paa la kioo, ambalo huja na gredi za juu au huuzwa kama nyongeza, huingiza jua ndani kuanzia saa tatu asubuhi. Kiyoyozi cha haibridi nyingi za kisasa huendeshwa na umeme wa betri kubwa, si kwa mkanda wa injini, na ndiyo maana kinaendelea kupuliza hata injini ikizimika kwenye taa. Kadiri gari linavyopata joto ndani, ndivyo kinavyovuta umeme zaidi, na ndivyo injini inavyolazimika kuwaka ili kujaza betri. Umelipia paa, kisha unalilipia tena petroli.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba gredi ya chini ndiyo jibu la kila swali. Itazame Toyota Aqua ya kizazi cha pili, iliyotoka Japani Julai 2021 na gredi za B, X, G na Z. Humo Toyota ilianza kutumia betri ya nikeli ya muundo wa bipola, ambayo hutoa nguvu nyingi zaidi kwa haraka na hivyo humwezesha dereva kwenda kwa mota peke yake katika mwendo mkubwa zaidi kuliko Aqua ya zamani. Gredi ya B inayosukumwa na magurudumu mawili haikupewa betri hiyo. Ilipewa ya lithiamu. Kwenye vipimo rasmi B ndiyo iliyoongoza, kilomita 35.8 kwa lita, maana ni nyepesi na imevuliwa vitu vingi. Hata hivyo, ukikaa kwenye B na kisha kwenye G, hukukaa kwenye gari moja lenye mapambo tofauti. Umekaa kwenye magari mawili. Katika Aqua ningeanzia X.

Aqua hiyo ina kitu kingine ambacho Mwafrika Mashariki atakipenda upesi kuliko anavyopaswa: soketi ya umeme ya wati 1,500, gredi zote. Umeme ukikatika unachomeka friji kwenye gari. Ila soketi ni ya volti 100, kama umeme wa Japani, na friji yako ya Nairobi au Mwanza inataka 230 au 240. Bila kigeuza volti cha uwezo wa kutosha, hiyo ni soketi ya kuchajia simu. Wasionunua magari mapya nao wasiipuuze habari hii ya gredi, kwa maana magari haya ndiyo yanayoteremka bandarini Mombasa na Dar baada ya miaka michache. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Aqua iliyochaguliwa na Mjapani shorumu mwaka 2021 inaingia vizuri kabisa kwenye dirisha hilo. Anayeagiza kwa kuangalia picha na kilomita tu amerithi uamuzi wa gredi uliofanywa na mtu mwingine, kwa barabara nyingine na hali ya hewa nyingine. Mwombe muuzaji msimbo kamili wa modeli ulio kwenye kibati cha gari, maana herufi za mwisho ndizo zinazotaja gredi. Nembo ya nyuma yaweza kubandikwa na yeyote.

Kuna mtego mwingine kwenye orodha ya bei, na huu ni wa kimahesabu. Toyota Corolla Cross inayounganishwa Durban, Afrika Kusini, ilipozinduliwa mwaka 2021, gredi ya chini, Xi, ilikuja na injini ya petroli tu. Haibridi ilianzia XS. Mtu akilinganisha bei ya Xi na ya haibridi, ataona pengo kubwa na kusema haibridi haijilipi. Hakulinganisha haibridi na petroli. Amelinganisha gari tupu na gari lenye vitu. Weka XS ya petroli kando ya XS ya haibridi, ndipo utaona mfumo wa haibridi peke yake unagharimu kiasi gani, na ndicho kiasi cha kugawanya kwa mafuta utakayookoa. Makosa ya upande wa pili nayo yapo: mtu anapanda hadi gredi ya kileleni, kisha anailaumu haibridi kwa kuwa ghali.

Nikiulizwa kipi cha kulipia na kipi cha kuacha, huwa nauliza kama fundi wa mtaani anaweza kukiweka baadaye. Redio, kamera ya nyuma, vitambaa vya siti, mazulia, hata rimu, vyote vinapatikana mjini na mara nyingi kwa bei nafuu. Mifuko ya hewa ya pembeni haiwekwi baadaye. Breki za dharura zinazotegemea rada na kamera haziwekwi baadaye, wala gurudumu la nyuma haligeuzwi kuwa la kusukuma. Kama vifaa hivyo vya usalama vimefungiwa kwenye gredi ya kati, panda hadi ya kati bila kujuta, kisha simama hapo. Ujue pia kwamba kamera ya kioo cha mbele ina gharama yake: jiwe likikivunja, kioo kipya kinataka kamera ipangwe upya kwa kifaa maalumu, kwa hiyo ulizia mapema kama wakala wa mji wako anacho. Na vioo vya pembeni vyenye taa za kuonya, wenyeji wa Nairobi na Dar hawahitaji kuambiwa vinapendwa na nani.

Shorumu nyingi huweka sakafuni gredi ya juu kabisa, na ndiyo utakayopewa kuijaribu. Iombe ile unayokusudia kununua, hata kama itabidi usubiri wiki iletwe, uipitishe kwenye barabara ya kwako yenye mashimo ya kwako. Kisha fungua mlango wa dereva, usome kibandiko cha saizi ya tairi kwenye nguzo, na upige simu duka la matairi kabla hujasaini chochote.