Je, Wajua? Baiskeli Isiyo na Kiti

Baiskeli nyingi za mchezo wa trialzi hazina kiti, kwa kuwa mwendeshaji husimama juu ya pedali muda wote akipanda miamba na magogo. Mchezo ulichipuka Catalonia, Hispania, miaka ya 1970, baba aitwaye Pere Pi alipotaka mwanawe Ot ajifunze kwa baiskeli mbinu za kuendesha pikipiki.

Mwanafunzi huanza kwa kusimama papo hapo: pedali sawa, usukani umegeuzwa kidogo, macho mbele. Hapo ndipo penye kazi, na pasirukwe. Kisha hubana breki zote mbili, hukunja magoti na kujirusha juu, magurudumu humfuata. Mashindanoni, mguu ukigusa chini, mwendeshaji huadhibiwa.