Endometriosisi Haimalizwi na Daktari Mmoja

Njambi Koikai, mtangazaji wa Kenya aliyependwa sana na mashabiki wa rege, alikuwa na ugonjwa ambao watu wengi hudhani unaishia kwenye nyonga. Wake ulikuwa umefika kifuani. Mapafu yake yalisinyaa mara kwa mara, na Wakenya walimchangia fedha akatibiwe Atlanta, Marekani. Aliporudi aliendelea kuwaambia wasichana hadharani kwamba maumivu yao ni ya kweli na wasikubali kunyamazishwa. Alifariki Juni 2024.

Nimeanza na kisa chake kwa sababu endometriosisi ya kifua inaonyesha waziwazi mahali tunapokosea sisi watoa huduma. Mwanamke akija na kifua kinachobana au makohozi yenye damu, daktari wa kifua huuliza kuhusu homa za usiku, kupungua uzito na kifua kikuu, na katika nchi zetu ana kila sababu ya kuuliza hivyo. Tarehe ya hedhi haimo katika maswali yake. Daktari wa magonjwa ya wanawake naye huuliza hedhi kwa kirefu, ila ni nadra aulize kama bega la kulia linauma siku hizo hizo. Kila mmoja amefanya kazi aliyofundishwa, na ugonjwa umepita katikati yao.

Tuueleze kwanza. Ni hali ambayo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje ya mji huo: kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, kwenye utumbo, kibofu na mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na mara chache kwenye msuli unaotenganisha tumbo na kifua. Tishu hizo huitikia homoni za kila mwezi. Huvuja damu pasipo na njia ya kutokea, huchokoza sehemu zilizo jirani, na baada ya muda huacha makovu yanayogandisha viungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanao, yaani watu wapatao milioni 190. Hakuna dawa inayouondoa moja kwa moja, lakini kuna mengi yanayoweza kuutuliza.

Nchini Tanzania wagonjwa wengi huja kliniki na madaftari ya shule yaliyojazwa miandiko ya matabibu mbalimbali. Ukilifungua daftari la mwanamke mwenye endometriosisi, mara nyingi unakuta maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) na dozi yake, maambukizi ya via vya uzazi (PID) na sindano zake, kisha vidonda vya tumbo, kisha amiba. Pengine kidole tumbo kilishaondolewa. Kuna pia majibu ya ultrasaundi yaliyoandikwa kwamba kila kitu ni kawaida. Usichokikuta ni dawa za chango alizochemshiwa nyumbani, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Lakini chukua kalamu uzipange tarehe za mahudhurio yake kwenye kalenda: nyingi zinarudi katika siku zile zile za mwezi. Habari yote ilikuwamo mle. Kila tabibu alisoma ukurasa wake tu, na mwanamke akabaki kuwa tarishi wa kubeba ujumbe ambao hakuna aliyemsomea.

Ndiyo maana nasema, bila kusitasita, kwamba ugonjwa huu unahitaji timu inayozungumza. Kuwa na wataalamu wengi katika jengo moja hakutoshi kama kila mmoja anamwona mgonjwa peke yake na kumpa miadi yake.

Chukua mirija ya mkojo. Endometriosisi iliyozama ndani inaweza kuubana mrija taratibu, figo ikajaa mkojo na hatimaye ikafa bila mgonjwa kuhisi maumivu yoyote upande huo. Kulizuia hilo hakuhitaji mashine mpya. Anayepima ultrasaundi ya nyonga anahitaji kukipandisha kifaa kile kile juu kidogo azitazame figo zote mbili, kazi ya dakika chache. Atafanya hivyo kama fomu aliyopokea imeandikwa kwamba endometriosisi inashukiwa. Ikiandikwa maumivu ya tumbo tu, atatazama nyonga na kufunga kazi, na hatuwezi kumlaumu.

Chukua pia uvimbe wa ovari wenye damu nzito ya rangi ya chokoleti. Ukiondolewa, hukwanguka pamoja na sehemu ya hazina ya mayai ya mwanamke. Kwa hiyo mtaalamu wa uzazi anapaswa kusikilizwa kabla ya kisu, hasa kama mwanamke bado anatamani mtoto. Vivyo hivyo kwa daktari wa upasuaji wa utumbo: aitwe wakati wa kupanga, asiitwe mbio tumbo likiwa tayari wazi. Millen Happiness Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, ameeleza hadharani kwamba amepasuliwa zaidi ya mara kumi. Upasuaji wa kurudia wakati mwingine haukwepeki. Kazi ya timu ni kuhakikisha kila unaofanywa umepangwa, una sababu, na umefanywa na mikono inayostahili.

Kuna eneo moja ambalo tumelipuuza kupita kiasi, nalo ni misuli ya chini ya nyonga. Mtu aliyeishi na maumivu kwa miaka hujikaza bila kujijua. Misuli hiyo husinyaa na kubaki imekaza, na mishipa ya fahamu huzoea kupiga kengele hata baada ya tishu za ugonjwa kuondolewa. Hapo ndipo mwanamke huambiwa upasuaji ulifanikiwa, huku kujamiiana kukiendelea kuwa mateso na choo kikubwa kikitoka kwa machozi. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyefunzwa afya ya nyonga humfundisha kupumua na kuilegeza misuli. Mazoezi ya kubana ambayo wanawake hushauriana baada ya kujifungua yanaweza kumzidishia maumivu huyu. Wataalamu wa aina hiyo ni wachache kwetu, na ningependa vyuo vyetu viwaone kuwa wa lazima. Ushauri nasaha nao usisubiri mgonjwa avunjike moyo. Na mume, kama yupo, aelezwe, kwa sababu ndoa nyingi huumia kwa kutoelewa.

Uingereza, mwongozo wa taifa wa mwaka 2017 uliorodhesha wanaopaswa kuwapo katika huduma maalumu ya endometriosisi: madaktari wa wanawake wenye ujuzi wa upasuaji wa matundu madogo, daktari wa upasuaji wa utumbo, wa njia ya mkojo, wa picha, wa maumivu, wa uzazi, na muuguzi maalumu. Huyu wa mwisho mimi ningemtaja wa kwanza. Ndiye anayepokea simu, anayejua mgonjwa yuko dozi gani, na anayewakumbusha madaktari walichoahidiana. Hospitali ya mkoa isiyo na nusu ya orodha hiyo inaweza kumteua muuguzi mmoja, ikawakutanisha waliopo mara moja kwa mwezi juu ya mafaili machache, na kuwapigia simu wa hospitali ya rufaa kwa yale yanayowashinda.

Wala matibabu yasisubiri kila kitu kikamilike. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 uliacha kuulazimisha upasuaji kuwa njia kuu ya kuthibitisha ugonjwa. Dalili zikielekeza huko, tabibu wa kituo cha afya anaweza kuanza dawa za maumivu na za homoni, kama hakuna kizuizi na mgonjwa hatafuti mimba kwa sasa, huku rufaa ikiandaliwa. Asimwambie binti asubiri aolewe azae. Ujauzito hautibu endometriosisi.

Rufaa yenyewe iandikwe ifae. Iseme maumivu yalianza akiwa na umri gani na humkosesha masomo au kazi siku ngapi kwa mwezi. Iseme kama anaumia anapokwenda haja, anapokojoa, anapojamiiana, au kifuani na begani wakati wa hedhi. Iseme dawa alizotumia na matokeo yake, upasuaji uliopita na kilichoonekana ndani, na hali ya figo. Iseme kama anataka mtoto, na lini. Nakala moja abaki nayo mwenyewe.