Jiwe Linaloingia Chunguni

Katika masoko ya Moshi na Arusha magadi huuzwa kwa mafungu, jirani na dagaa na vitunguu, na pengine ndiyo sababu wengi hatuyahesabu kuwa madini. Tukisikia madini tunawaza dhahabu na tanzanite. Magadi nayo ni madini, tena tunayala.

Chimbuko lake ni Bonde la Ufa. Miamba ya volkano ya huko ina sodiamu nyingi. Maji ya mvua na ya chemchemi za moto huiyeyusha na kuiteremsha hadi kwenye maziwa yasiyo na mto wa kuyatoa maji, kama Magadi upande wa Kenya na Natron upande wa Tanzania. Jua likishakausha maji, hubaki gamba jeupe, mahali pengine jekundu kwa sababu ya vijidudu vinavyostawi kwenye chumvi kali. Kusini mwa Natron upo Oldoinyo Lengai, volkano ambayo hata lava yake ina sodiamu tele: hutoka nyeusi, ikagusana na unyevu ikageuka nyeupe.

Sasa tuingie jikoni, yanakoishia magadi hayo. Maharage huchelewa kuiva kwa sababu seli zake zimegandamana kwa pektini, na pektini hiyo imekazwa na kalisi. Magadi huondoa asidi ya maji, pektini ikavunjika na sodiamu ikachukua nafasi ya kalisi. Ndiyo siri ya vyakula vya maharage kama kiburu na makande kulainika upesi, kuni zikabaki. Kisamvu nacho hubaki kijani. Hasara ni kwamba vitamini B1 haistahimili hali hiyo, na mkono ukizidi, chakula huwa na ladha ya sabuni. Ladha hiyo si ya kushangaza: sabuni na magadi ni ndugu. Kioo pia. Viwandani, magadi huchanganywa na mchanga ili uyeyuke kwa moto mdogo kuliko nyuzi 1,700 unazohitaji ukiwa peke yake, kisha chokaa huongezwa, la sivyo kioo kingeyeyuka majini.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni floraidi. Miamba ileile inayotoa sodiamu huitoa nayo, na baadhi ya magadi yamejaa floraidi kupita kiasi. Mtoto akiipata kwa wingi wakati meno yake ya ukubwani bado yanaundwa ndani ya taya, yataota na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Kaskazini mwa Tanzania tumezoea kuyalaumu maji, na kweli maji ya sehemu nyingi yana kosa, ila chungu nacho huchangia. Kwa macho huwezi kujua fungu lipi ni salama, na kuchemsha hakuiondoi floraidi. Maji yanapopungua ndipo inapozidi kukolea.

Kwa hiyo chakula cha watoto ningekipika bila magadi kabisa. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yale yakamwagwa, muda wa kupika hupungua vya kutosha.