Namna ya kuchagua elisi mpya kwa mashua ndogo ya motere

Wewe mwenye mashua ya motere, soma maneno haya mbele ya kutoa feza yako. Elisi ni kile chuma chenye majani kinachozunguka ndani ya maji, nyuma ya motere, na kusukuma mashua. Elisi ikivunjika juu ya jiwe au kisiki, watu wengi wanakwenda sokoni na kununua yoyote inayofanana nayo kwa macho. Hiyo si akili. Elisi isiyofaa inakula esanse, inaharibu motere, na inaweza kukuacha katikati ya ziwa wakati upepo unapoanza.

Kwanza, tazama elisi yako ya zamani. Usiitupe! Futa matope, tafuta hesabu zilizopigwa katika chuma. Mara nyingi utaona hesabu mbili, kwa mfano 9¼ na 9. Hesabu hizi ni za inchi, na inchi moja ni santimetre 2.54. Hesabu ya kwanza ni upana wa duara ambalo majani yanalichora yakizunguka. Hesabu ya pili ni hatua ya elisi.

Hatua ni nini? Tazama vise ikiingia katika ubao. Ukiizungusha mara moja, inaingia kidogo. Ndiyo hatua yake. Elisi nayo ni hivyo. Elisi ya hatua 9 ingekwenda mbele inchi 9, maana yake karibu santimetre 23, kwa kila mzunguko, kama maji yangekuwa magumu sawa na ubao. Lakini maji ni laini, yanateleza, kwa hiyo mashua inakwenda chini ya hapo.

Watu wengi wanafikiri: hatua kubwa, mbio kubwa. Wanajidanganya. Fikiri juu ya mtu anayepanda mlima. Akiwa hana mzigo, anapiga hatua ndefu. Akibeba gunia la muhogo, anafupisha hatua; asipofupisha, atachoka na kuanguka. Mashua ni vivyo hivyo. Kama unapakia watu wengi au samaki wengi, chagua hatua fupi. Kama unatembea mtu mmoja au wawili tu, kwa furaha ya siku ya mapumziko, hatua ndefu kidogo inafaa.

Sasa sikiliza neno ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Katika nchi yetu ya migodi tunakaa juu sana. Ziwa Mwero liko zaidi ya metre 900 juu ya bahari. Ziwa Tshangalele, lililotokea kwa sababu ya ukuta wa Mwadingusha katika mto Lufira mwaka 1930, liko zaidi ya metre 1,000. Huku juu hewa ni nyepesi, na motere inahitaji hewa ili kuchoma esanse. Kwa kila metre 100 za kupanda, motere inapoteza karibu sehemu moja katika mia ya nguvu zake. Basi motere ya nguvu za farasi 15, ikifika Tshangalele, inabaki na karibu farasi 13 na nusu. Elisi iliyowekwa na kiwanda mara nyingi ilipimwa karibu na bahari. Kwa hiyo huku kwetu, mara nyingi elisi yenye hatua pungufu kwa inchi moja inafanya kazi vizuri zaidi.

Namna ya kupima ni hii. Pakia mashua mzigo wako wa kila siku. Nenda mahali pa maji mengi, pasipo mitego wala watu. Fungua motere mpaka mwisho. Fundi mwenye chombo cha kuhesabu mizunguko atakuambia motere inazunguka mara ngapi kwa dakika moja. Kitabu cha motere kinaonyesha kiasi kinachotakiwa. Kwa motere nyingi ni kati ya 5,000 na 6,000, lakini fuata kitabu chako.

Kama mizunguko ni michache, na motere inalia kwa sauti nzito kama mtu anayebeba mzigo mkubwa mno, hatua ni ndefu mno. Kama inalia kwa sauti kali kupita kiasi lakini mashua haiongezi mbio, hatua ni fupi mno. Ukipunguza hatua kwa inchi moja, mizunguko inaongezeka karibu 150 mpaka 200 kwa dakika. Hivyo unaweza kuhesabu mbele ya kununua.

Mbele ya kulipa, angalia tena mambo haya:

1. Meno ya ndani ya kitovu cha elisi yalingane kabisa na meno ya chuma kinachoizungusha. Beba elisi ya zamani, linganisha.

2. Elisi igeuke upande ule ule kama ya zamani.

3. Elisi ya alumini ni ya bei nafuu, na fundi anaweza kuinyosha ikipindika kidogo. Elisi ya chuma kisichoshika kutu ni ngumu na ya bei kubwa. Ikipiga jiwe, pigo linaweza kufika mpaka ndani ya motere. Mahali pa mawe na visiki, alumini inatosha.

4. Majani matatu yanafaa kwa kazi nyingi. Majani manne yanashika maji vizuri kwa mzigo mzito, lakini yanapunguza mbio kidogo.

Siku ya kufunga elisi mpya, zima motere, ondoa waya wa moto katika buji, ili isiwake ukiwa na mikono juu ya elisi. Ondoa nyuzi zote za nyavu zilizojizungusha nyuma yake. Nyuzi zinakata mpira unaozuia maji. Maji yakiingia, mafuta ya chini ya motere yanakuwa meupe kama maziwa, na meno yanakufa. Paka grisi, rudisha kila kipande mahali pake.

Elisi ya zamani, kama bado inazunguka, iweke ndani ya mashua pamoja na ufunguo na msumari wake mdogo. Siku elisi mpya itakapopiga kisiki mbali na kijiji, hiyo ya zamani itakurudisha nyumbani kwa watoto wako.