Zege Linaloelea

Meta moja ya ujazo ya zege la kawaida ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Maji ya ujazo huohuo yana kilo 1,000. Hata hivyo, wanafunzi wa uhandisi nchini Marekani huunda mitumbwi ya zege na kushindana kuipiga makasia. Mashindano hayo yamekuwa ya kitaifa tangu 1988, chini ya chama cha wahandisi ujenzi, ASCE.

Umbo peke yake hutosha kuufanya mtumbwi uelee, kama meli ya chuma. Lakini kuna jaribio gumu zaidi: mtumbwi hujazwa maji, husukumwa chini, kisha huachwa uibuke wenyewe. Hapo umbo halisaidii tena. Inaruhusiwa kuficha maboya ya povu kwenye ncha zake, ila zege zito hudai povu jingi, nalo linakula nafasi.

Uzito hautoki hasa kwenye saruji. Kokoto na mchanga hujaza takriban robo tatu ya ujazo wa zege, kwa hiyo ndivyo vya kubadilisha. Badala yake huwekwa hewa iliyofungiwa: chembe za glasi iliyovimbishwa kwa moto, au vitufe vyenye uwazi ndani vinavyopatikana kwenye majivu ya makaa ya mawe. Warumi walilijua jambo hili. Sehemu ya juu ya kuba la Pantheon imechanganywa na mawe mepesi ya volkano, na kuba hilo limesimama kwa takriban miaka 1,900.

Chembe nyepesi zina tabia zake, na hapa ndipo timu nyingi huumia. Zenye vinyweleo hunyonya maji ya mchanganyiko, zege likakauka mikononi. Ni lazima ziloweshwe mapema. Vitufe vyembamba hupasuka vikikorogwa kwa nguvu, na uzito unapanda bila mtu kuona. Ukitumia vaibreta kupita kiasi, kokoto za kawaida zingezama, lakini hizi hupanda juu. Glasi nayo hushambuliwa taratibu na alkali ya saruji, ndiyo maana sehemu ya saruji hubadilishwa kwa majivu laini ya makaa, ambayo hupunguza mmenyuko huo.

Kuhusu nguvu, naona wanafunzi wanahangaika mno na kipande cha zege kinachopondwa maabara. Zege huhimili kugandamizwa karibu mara kumi kuliko kuvutwa, na mtumbwi uliobebeshwa wapiga makasia hupinda: upande mmoja unagandamizwa, mwingine unavutwa na kupasuka. Kuongeza saruji ili kipande hicho kisifiwe ni kuongeza uzito mahali pasipo na shida. Fedha na fikra ziende kwenye wavu wa nyuzi za glasi au kaboni, pamoja na nyuzi fupi zinazozuia nyufa zisipanuke. Nondo hazifai: ganda la milimita 15 haliwezi kuzifunika ipasavyo.

Unene nao unahitaji ukali wa fundi. Chukua mtumbwi wenye eneo la meta 9 za mraba, uliosilibwa kwa zege la kilo 900 kwa meta ya ujazo. Kila milimita inayozidi huongeza kilo 8. Mkono mzito ukizidisha milimita 5, timu itabeba kilo 40 ambazo hazikuwamo kwenye hesabu. Ganda lipimwe kwa sindano kila hatua, likiwa bado bichi, maana likishashika kinachobaki ni kulisugua kwa msasa.