Mgombea Mwenza Si Pambo

Mwaka 2015, mwaka ule mitambo ya kusafisha gesi ilipozinduliwa hapa Madimba, Ndugu John Magufuli alimteua Bibi Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea mwenza wake. Wazee washika desturi walitikisa vichwa: tangu lini mwanamke akashika usukani? Wengine walijifariji kuwa cheo cha Makamu ni cha kukata utepe tu.

Lakini desturi ipi? Kwa Wamakonde wa Mtwara, ukoo hufuatwa kwa mama, na hata mjomba huheshimiwa kwa kuwa ni ndugu wa mama.

Wala Katiba haimfanyi Makamu kuwa pambo. Tangu uchaguzi wa 1995, wagombea hao wawili hupigiwa kura moja, kila mmoja akitoka upande wake wa Muungano. Rais akifariki, Makamu humaliza muda uliosalia. Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Siku mbili baadaye, Bibi Samia aliapishwa kuwa Rais.

Basi, ndugu msomaji, swali la kumpima mgombea mwenza si kama ni mume au mke, bali kama aweza kuongoza nchi kesho asubuhi.