Kilimanjaro Baada ya Moto: Miche Isubiri

Tarehe 11 Oktoba 2020, wakazi wa Moshi waliuona moto ukitambaa ubavuni mwa Mlima Kilimanjaro. Ulianzia eneo la Whona, mahali pa mapumziko kwa wapandaji wanaotumia vituo vya Mandara na Horombo. Mamia ya watu, wakiwemo wanafunzi wa Chuo cha Mweka, walipanda kupambana nao kwa matawi, mapanga na majembe. Hadi unazimwa, takriban kilomita za mraba 95 za hifadhi zilikuwa zimeungua.

Baada ya moto wa namna hii, jambo la kwanza linalomjia kila mtu ni kupanda miti. Hamu hiyo ni njema, na kwenye miteremko ya chini ya mlima ina kazi kubwa ya kufanya. Kule juu, ninashauri tuizuie mikono yetu kwanza.

Sehemu kubwa iliyoungua ni ukanda wa erika, mti wa majani membamba unaoota juu ya msitu wa mvua. Erika haukuuona moto kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Matawi yakiteketea, mara nyingi kisiki huchipua tena, na mbegu zake ni ndogo mno kiasi kwamba upepo huzisambaza mbali. Mvua zikinyesha vizuri, machipukizi hutokea bila mtu kuchimba shimo hata moja. Tukipandisha miche kutoka bustani za mabondeni, tunaweza kupandisha pia magugu na magonjwa yaliyomo kwenye udongo wake, na nyayo za wapandaji wa miti zitakanyaga majivu laini ambayo mvua ya kwanza iko tayari kuyasomba.

Kwa hiyo moto mmoja haunitii hofu sana. Ninachohofia ni moto wa pili kuja kabla ya erika kukomaa na kutoa mbegu. Machipukizi yakiungua mara kwa mara, kisiki hudhoofika, msitu unageuka vichaka, na vichaka vinageuka nyasi. Nyasi nazo hukauka upesi wakati wa kiangazi na kuualika moto mwingine. Mwanaikolojia Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba tangu mwaka 1976 moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Hali ya hewa iliyozidi kuwa kavu imeusaidia moto kufanya kazi hiyo.

Tunachopoteza msitu unapotoweka ni maji. Dunia nzima huizungumzia theluji ya kilele cha Kibo, lakini kwa mkulima wa Marangu au Machame msitu una uzito zaidi. Miti ya juu huunasa ukungu unaopita: matone madogo hukusanyika kwenye majani na kwenye mimea laini inayofunika matawi, kisha hudondoka ardhini hata siku isiyo na mvua. Nyasi fupi hazina uwezo huo. Utafiti wa Hemp unaonyesha kwamba upotevu wa misitu hii umeathiri maji ya mlima zaidi kuliko kuyeyuka kwa barafu. Maji hayo ndiyo yanayolisha mifongo, yaani mifereji ya umwagiliaji ya Wachagga, kisha kushuka kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu na Mto Pangani, ambao pia unazalisha umeme.

Juu zaidi inasimama mimea mikubwa iitwayo senesio, ambayo huyabakiza majani yake makavu yakizunguka shina ili kulikinga na baridi ya usiku. Moto ukipita, joho hilo ndilo linalowaka. Senesio hukua polepole sana, na ulioungua hautapata mbadala wake katika kipindi cha uongozi wa mhifadhi yeyote.

Basi fedha za kuijenga upya hifadhi ziende wapi? Ningeanza na jiko la mpagazi. Mamlaka za hifadhi zilieleza kwamba moto wa 2020 ulishukiwa kuanza pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula. Mtu anayebeba mizigo ya wageni kwenye baridi ile anastahili mahali palipokingwa na upepo na moto wa gesi unaosimamiwa, kila kituo, bila kulipa. Wavuna asali, ambao mienge yao nayo inaweza kuanzisha moto, wapewe mavazi ya kujikinga na mabomba ya moshi yanayofungika, waachane na mienge hiyo. Kisha yafuate minara ya ulinzi, redio, matangi ya maji na vikosi vya vijana wa vijiji vya jirani vyenye mafunzo na posho, vikiwa tayari kabla ya kiangazi kukolea.

Miche ipandwe chini, kwenye mashamba na kingo za mito, ili mtu apate kuni bila kuingia hifadhini.